Sahihi ya Baba Askofu

Jumatano, 26 Februari
Mahojiano ya tatu, Jakobsberg, huku ughaibuni. Askofu Nektario, miaka themanini na mmoja, Mwothodoksi. Aliwahi pia kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kwetu, ingawa kanuni za kanisa lake zinamkataza kasisi kushika madaraka ya serikali. Kazungumzia shule alizojenga. Mabati, madawati. Nimeandika yote.

Mpwa wake Sofia, muuguzi kule Flemingsberg, kaleta chai. "Usimchoshe, dada. Akichoka anahubiri."

Hati sijaitoa.

Ijumaa, 28 Februari
Nimeitoa. Amri ya kuwaweka watu kizuizini, majina kumi na moja, sahihi ya waziri. Jina la nne ni la kaka yangu, Gaspari. Alifia humo kizuizini. Nataka jambo moja: aseme kama sahihi ni yake. Bila hilo makala haitoki.

Akavua miwani. "Macho yangu hayasomi tena, mwanangu."

Dakika tano kabla ya hapo alikuwa akinisomea zaburi.

Sikukasirika. Nilitegemea kukasirika.

Jumapili, 2 Machi
Vällingby, ukumbi wa kukodi wanaousalia. Jumapili ya Msamaha, mkesha wa Kwaresima yao. Kila mtu humwinamia kila mtu na kuomba msamaha. Kosa halitajwi. Jibu ni moja: Mungu anasamehe. Nilikuja na daftari. Wakanivuta kwenye mstari.

Askofu akapiga magoti mbele yangu. "Nisamehe."

"Kwa lipi, Baba Askofu?"

Mstari ukasimama. Nyuma yangu mama mmoja wa Kikongo akasema, "Hapa ni kanisa, mama, haiko polisi."

"Kwa yote," akasema askofu.

"Yote siwezi kuyaandika."

Sofia akamnyanyua. Hakunitazama. Nikaenda kupanda treni.

Jumatatu, 3 Machi
Kapiga simu mwenyewe, saa nne asubuhi. "Andika: nilisaini. Na majina niliyasoma kwanza. Yote."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Akauliza kama sasa nimemsamehe. Nikamwambia simu inarekodiwa.

Akakata.

Jumanne, 4 Machi
Maneno mia tisa. Shule zake zimo. Majina kumi na moja yamo, kwa mpangilio wa hati.

Mhariri kauliza kama kati yao kuna ninayehusiana naye. Nimejibu: wa nne. Kaniambia niliseme hilo chini ya makala.

Nimeandika: Gaspari alikuwa kaka wa mwandishi. Nimeikagua mara mbili, kama sentensi nyingine zote. Nimetuma.