Mkono Uliopakwa Rangi

Jumatatu, 3 Juni
Maandazi yameisha mapema. Nimekaa kibandani nautazama ule mkono wa ishara, juu ya nguzo, kabla ya kufika stesheni. Ukinyooka, treni isimame mpaka geti la barabara lifungwe. Ukishuka, ipite. Siku hizi haushuki, umefungwa waya, treni zinaitwa kwa bendera. Aliyeufunga ni Maganga, msimamizi wa stesheni, siku ya ajali, kabla watu hawajajaa, ili ionekane ulikuwa umenyooka. Mume wangu alimwona.
Masika yote ulikuwa unaning'inia, umeshika kutu, unamwambia kila dereva pita, pita. Baba Yusta, mume wangu, ndiye alikuwa mlinzi wa geti. Alilalamika kwa Maganga mpaka akachoka. Siku hiyo treni ikaingia geti likiwa wazi, ikamkuta Ezekieli wa Katumba na pawatila lake, katrekta ka mkono, kabeba mpunga. Kijana wa watu, akafia palepale. Aliyefukuzwa kazi ni mume wangu. Eti alilala.
Namchukia Maganga. Naandika hapa, kwa padri naona aibu.

Alhamisi, 6 Juni
Wakaguzi wa serikali wanakuja wiki ijayo kuangalia usalama wa reli. Mawe yote ya stesheni yamepigwa chokaa. Nguzo imepakwa rangi, na ule mkono nao, nyekundu ya kung'aa, waya humohumo ndani ya rangi. Nilicheka peke yangu mpaka mteja akauliza kulikoni.
Mchana kapita mama yake Ezekieli. Kanunua mchicha kwa jirani. Kwangu hata salamu. Zamani tulikuwa tunaitana dada. Baba Yusta alikuwa anapanga mkaa nyuma ya kibanda, akainama.
Hilo ndilo linaloniunguza. Siyo kazi. Ni hilo jina la muuaji.

Jumapili, 9 Juni
Misa ya kwanza. Kwenye kutakiana amani nikajifanya natafuta leso, nisimshike Maganga mkono. Nje akanifuata na meno yote nje. Mimi Mfipa, yeye Mnyamwezi, watani toka kwa mababu, na yeye anajificha humo kama hakuna kilichotokea.
"Mtani, nina wageni Jumatano. Nipikie. Usiniroge tu."
"Nikuroge wewe? Dawa yangu iharibike bure!"
Watu wakacheka. Nikakubali kupika.
Nimesali rozari, kila fungu naona uso wake. Nimefikiria kuzidisha chumvi. Nimefikiria pilipili. Nimefikiria na mengine, Mama Maria anifunike.

Jumanne, 11 Juni
Nimepata njia. Nimemwambia Baba Yusta. Kasema niache, yeye alieleza na kueleza, hakuna aliyemsikiliza, sembuse mpika wali. Kweli, mpika wali hawatamsikiliza. Mtani je? Mtani hazibwi mdomo. Hata msibani, mbele ya jeneza, anasema anachotaka, na akikasirikiwa, aibu ni ya aliyekasirika.
Nimepiga pasi kitenge changu cha Pasaka.

Jumatano, 12 Juni
Naandika kabla ya kuosha sufuria.
Wakaguzi watatu, mkubwa wao mama wa makamo, mpole. Maganga kawaonyesha nguzo kwa mbali, akawahimiza chakula kinapoa. Wakala. Wakasifu kuku. Nikasimama katikati na mwiko wangu.
"Jamani, mnamwona huyu Mnyamwezi wangu? Ana maiti pale juu, kaipaka lipstiki!"
Kicheko.
"Kaifunga waya, kaipaka rangi. Mwambieni aishushe mkono, tuone kama marehemu anasalimia!"
Maganga akacheka kuliko wote. Angefanyaje? "Huyu mtani wangu ni kichaa," akawaambia. Yule mama naye akacheka, halafu akaweka kijiko.
"Basi ushusheni tuone."
"Mama, rangi bado mbichi."
"Ushusheni tu."
Wakavuta mtambo. Kimya. Wakavuta wawili. Kimya. Fundi akapanda, akakwangua rangi kwa kisu. Waya huo hapo.
Yule mama kauliza nani kaufunga. Maganga akanitazama mimi. Nikatabasamu. Furaha gani ile! Tamu kama asali ya Inyonga, na mbaya, najua ni mbaya. Nikasema aliyeona yupo kibandani. Baba Yusta akaja na mikono yake ya mkaa, na safari hii walimwacha amalize.

Jumapili, 23 Juni
Mafundi wamekuja na waya mpya wa kuuvuta. Sasa mkono unapanda na kushuka, nausikia mpaka hapa. Kesi ya ajali imefunguliwa upya. Maganga kasimamishwa. Baba Yusta hajaitwa kazini, tunasubiri.
Ijumaa Maganga alikuja kibandani, kofia mkononi.
"Mtani, umeniua."
"Maiti hainywi chai, mtani." Nikammiminia. Hakumaliza kikombe. Nilijaribu kumhurumia, ikagoma.
Leo mchana mama yake Ezekieli kaja. Hakwenda kwa jirani. Kakaa kwenye benchi karibu na Baba Yusta, kamshika kiganja, mkaa na yote. Chai yao ikapoa. Nikawawekea nyingine.
Kuungama nitaenda. Siyo wiki hii.