Verdell Kahesabiwa na Wapinzani

Shoga, Verdell wetu leo kajiandikisha kuupinga mswada! Ule ule wa kumtoa mwanawe Trevell, wa miaka kumi na sita, kwenye jela ya watu wazima!

Fomu inauliza: unaunga mkono au unapinga? Yeye anapinga watoto kufungwa na wakubwa, basi kaweka alama "napinga". Kamati ya bunge la jimbo ikamketisha na waendesha mashtaka, wanaoupinga kwelikweli. Akaketi!

Mwenyekiti: "Mama, unapinga?"

"Napinga! Mwanangu analala kwa zamu na mwenzie, mmoja akilinda. Mbona kwenye fomu hamna kisanduku cha hilo?"

Shoga, mwenyekiti akaitisha kura! 

Kamati imeupitisha mswada, watano kwa wanne. Tukakumbatiana. Karani akasema: unawahusu tu watakaokamatwa kuanzia Julai.

Trevell alikamatwa Machi.

Njoo na gari utuchukue. Verdell hajalia bado, na hilo ndilo linalonitisha.