Mbuzi wa Kunifungua Mdomo

Jumatatu, 6 Novemba

Nimeamka kabla yake tena ili nimtazame akilala. Magesa wangu. Mume wangu! Neno hilo naliandika polepole, ili nilifaidi. Halafu kazi: uwanja, maji, uji. Uji wa baba mkwe nikauweka kwenye kigoda, nikakimbilia nyuma ya jiko kabla hajatokea. Ndiyo mila ya nyumba hii. Mkamwana hasemi mbele ya baba mkwe mpaka apewe mbuzi wa kumfungua mdomo. Mbuzi hutolewa baada ya mavuno, ukoo ukiwa umekusanyika. Pamba ndiyo kwanza inapandwa. Magesa ananicheka: "Binti wa Nyasho, kelele zako zote uliziachaga ziwani?" Nampenda hata akinicheka.

Jumatano, 8 Novemba

Kisimani hakuna habari nyingine. Keshokutwa ni mkutano wa kijiji. Watu wa mipango wanatoka wilayani. Kijiji kitataja hitaji lake la kwanza, na hilo moja ndilo litakaloombewa bajeti. Wanaume wanataka josho la ng'ombe. Sisi tunataka wodi ya wazazi pale zahanati. Muuguzi tunaye, mzuri. Kitanda cha kuzalia hakipo. Mwenye uchungu hupakiwa pikipiki mpaka Bunda. Wifi yangu Wakuru, aliyeolewa boma la jirani, alipakiwa hivyo mwaka jana. Mtoto akazaliwa njiani. Hakulia. Sasa ana mimba tena, kubwa, anatembea ameshika kiuno.

Na mimi mwezi huu sijaziona siku zangu. Sijamwambia mtu. Furaha imenijaa mpaka kooni, na hofu imekaa juu yake.

Ijumaa, 10 Novemba

Nataka kufa.

Kwanza walitutenga, wanaume huku, wanawake kule nyuma ya darasa. Tulikubaliana upesi: wodi. Mwezeshaji kutoka wilayani akataka msemaji mmoja kwa kila kundi. Wote wakanigeukia. "Wewe una fomu foo. Utasoma wewe." Nikaona fahari! Nikasema ndiyo bila kufikiri. Hakuna aliyekumbuka mila, hata mama mkwe. Kule nyuma tulikuwa wanawake peke yetu.

Tukarudi mbele. Mezani, katikati, amekaa mwenyekiti wa kijiji. Baba mkwe.

Nikasimama. Karatasi mkononi. Ulimi haukuinuka. Wenzangu nyuma: "Soma! Soma wewe!" Mama mkwe akajifunika khanga usoni. Nikisema, nimemvunjia heshima mbele ya kijiji kizima. Nikasimama tu kama mti. Wingu lilikuwa limeshafunga, mwezeshaji anatazama juu kila mara. "Kina mama, mna lenu? Hamna? Basi, kunyamaza ni kukubali." Wakuru akaanza kujiinua, tumbo likamchelewesha. Mvua ikamwagika. Mikono ikanyooshwa juu, josho limepita, watu wakatawanyika mbio.

Jumamosi, 11 Novemba

Kisimani wamenipisha kama mgeni. Mmoja akasema, "Malkia wa Musoma, karatasi ilikuunguza?" Wakacheka. Wakuru hakucheka. Afadhali angecheka.

Magesa amekwenda kwa mtendaji wa kijiji. Jibu: muhtasari umeshasainiwa, unakwenda kata, kisha Bunda. Kuubadili ni mpaka uitishwe mkutano mwingine, na wilaya haisubiri. Akamwendea baba yake pia. Mzee akasema, "Wanawake walikubali. Niliwasikia wakinyamaza."

Jumapili, 12 Novemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Mila inanifunga mdomo, halafu serikali inaandika kwamba nimekubali. Nitokee wapi? Nyumba ina mlango na uwanja una njia, lakini nimebanwa.

Nilimwambia Magesa akaniombee mbuzi leo hii. Akashtuka. "Mkamwana hadai mbuzi." Nikamwambia basi na wewe usinidai watoto. Ugomvi wetu wa kwanza. Nililia, nikamchukia kwa muda mfupi, kisha nikamwona anavaa viatu kwenda kwa baba yake. Ee Mungu, nampenda mtu huyu.

Jumanne, 14 Novemba

Mzee amekuja asubuhi akivuta mbuzi kwa kamba. Hakungoja mavuno. Hakungoja ukoo. Mama mkwe aliacha mwiko ndani ya sufuria, akatoka kutazama.

"Haya, mkamwana. Sema."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kumbe una sauti nene hivyo! Nilidhani tumeoa njiwa."

Tulicheka wote. Kisha nikasema. Nilisema mpaka jasho likanitoka: wodi, pikipiki, mtoto wa Wakuru. Yule ni binti yake wa kumzaa, lakini habari za uzazi hakuna aliyewahi kumsimulia. Zinaishiaga jikoni. Alichora chini kwa fimbo.

"Kwa nini hukusema mkutanoni?"

"Ningesemaje, baba?"

Akanyamaza. Safari hii nilijua kunyamaza kwake si kukubali. Akaomba koti lake, akapanda pikipiki kwenda kata.

Alhamisi, 16 Novemba

Mzee alifika mpaka Bunda. Walimpokea vizuri sana, wakampa soda, wakasema hoja ya wodi ni nzuri mno, ailete kwenye mpango wa mwaka ujao. Wa mwaka huu umefungwa, kijiji chake kimeomba josho. Akabisha. Wakamwonyesha chini ya ukurasa. "Mwenyekiti, si sahihi yako hii?"

Ilikuwa yake. Usiku hakula. Nilimsikia akimwambia mama mkwe, "Hawakunitukana hata kidogo." Alisema kama mtu aliyetukanwa.

Jumapili, 19 Novemba

Wakuru amekwenda Nyasho, Musoma mjini, kwa mama yangu, akae karibu na hospitali mpaka ajifungue. Hilo angalau niliweza. Mama amefurahi, ameahidi kumlisha sato kila siku. Magesa alimsindikiza stendi ya Bunda. Wanawake wengine wa kisimani hawana mama Musoma.

Magesa aliporudi nikamwambia habari yangu. Alinibeba juu, akanizungusha, akapiga kelele kuku wakaruka! Kisha akanishusha taratibu. Akahesabu miezi kwa vidole. Akatazama barabara.

Mimba ya kwanza ni desturi kujifungulia nyumba ya mume. Ameniambia hivyo akiwa ameinamisha kichwa. Sikumjibu.

Leo asubuhi baba mkwe alitoka, akanikuta bado nimesimama karibu na kigoda.

"Uji, baba?"

"Nipe."

Akaketi. Sikukimbilia nyuma ya jiko. Tuliongea juu ya mvua, na pamba, na yule mbuzi anavyokula majani ya maharage. Kisha hatukuwa na neno jingine. Alikunywa mpaka mwisho, nikapokea kikombe kwa mikono miwili.