Mnunuzi Asiyetaka Kuonekana

Jumatano, tumeshafunga duka. Joto la kunata. Mawingu yamejazana upande wa Jangwani tangu mchana, lakini mvua inatishia tu.

Nina jambo na sina wa kumwambia, ndiyo maana nimekuja hapa. Majina nimeyabadilisha. Kaka yangu hasomi blogu, husema ni umbea wa watu waliosoma, kwa hiyo hapa niko salama.

Kwa asiyenijua: mimi na kaka yangu Shabani tunauza vifaa vya harusi Kariakoo. Kadi, maua ya plastiki, vitambaa vya kupambia ukumbi, vijisanduku vya kuwekea pete. Duka lilikuwa la baba. Alipofariki, mkataba wa fremu, yaani chumba cha duka chenyewe, ukaandikwa jina la Shabani, na mimi nikawa "mdogo wangu, ananisaidia." Ndivyo anavyonitambulisha kwa wateja mpaka leo.

Nimechoka kusaidia.

Sasa siri yenyewe. Miaka ya nyuma, kabla mtaa wetu haujaanza kuhangaika na biashara za mtandaoni, nililipia jina. Jina la tovuti, ile anwani mtu anayoiandika kwenye simu akafika kwenye duka lako. Neno moja tu: harusi. Hakuna "bora" wala "za Bongo" mbele yake, hakuna namba mwishoni. Ukilifungua unakuta ukurasa mweupe, lakini ni langu, nalilipia kila mwaka, na mwenyewe nimejificha asinione mtu. Sikumwambia hata Shabani. Mama alinifundisha kwamba mwanamke asikose kitu chake pembeni, na kitu cha pembeni ukishakitangaza hakiko pembeni tena.

Mwezi uliopita nikamnong'oneza Mzee Mrisho kwamba nauza. Mzee Mrisho ni dalali. Anakaa na kahawa yake kona ya pili kutoka dukani kwetu, na ameshauza fremu, viwanja, magari, na nasikia hata jogoo wa mtu. Nilidhani atanicheka. Akaniuliza tu kama jina lina mgogoro. Nikamwambia halina.

"Basi hiyo nayo ni fremu, mwanangu," akasema, "ila iko hewani."

Bei sikuijua. Nani anajua bei ya neno? Nikaweka bei ya kitu ninachokitaka: kilemba cha fremu mtaani kwetu, ile pesa unayompa mpangaji ili akuachie nafasi yake. Nikiipata hiyo namuaga Shabani, nafungua duka langu, na mkataba unaandikwa jina langu.

Wiki iliyofuata Mzee Mrisho akaniambia mteja yupo. Nikamuuliza ni nani. Akasema ni mteja. Nikamuuliza wa wapi.

"Mwanangu, ukimjua yeye, na yeye akakujua wewe, mimi nitakula nini? Si mtaniruka?"

Udalali ndivyo ulivyo, nimekua nikiuona. Muuzaji na mnunuzi wanakutana siku ya kukabidhiana, basi. Lakini kuujua hakujanisaidia kupata usingizi, na tangu siku hiyo namshuku kila anayepita.

Nilianza na Mama Nasra wa duka la ng'ambo ya barabara, mpinzani wetu wa siku nyingi. Ghafla ameanza kuniita wifi. Kunisalimia kwa uchangamfu vile, bila sababu? Mama Nasra hana salamu za bure. Nikaenda kwake nikajifanya naomba chenji, kumbe shingo nimeirefusha kwenye simu yake. Alikuwa anaangalia watu wanavyokaanga maandazi. Hata hivyo sijamtoa kwenye orodha yangu.

Nikafikiria makampuni ya nje, yale yanayonunua majina mazuri yakayaweka ghalani mpaka bei ipande. Huenda. Lakini mzungu wa kampuni kubwa atamjulia wapi Mzee Mrisho, mwenye simu iliyofungwa kwa raba bendi?

Kilichonitisha hasa ni matapeli. Kuna binti wa Magomeni, mteja wetu, alilipia ukumbi kwa simu kwenye ukurasa uliopambwa maua vizuri kabisa. Siku alipokwenda kuuona ukumbi akaoneshwa gereji. Alikuja dukani kurudisha kadi, na Shabani alizipokea. Sasa fikiria tapeli kama huyo awe na jina langu. Nani ataliuliza mara mbili? Nikimuuzia yeye, machozi ya hao mabibi harusi wote yataniandama. Nikamwendea tena Mzee Mrisho nikamuuliza mteja analitakia nini jina. Akasema mtu akinunua kisu yeye hamuulizi anakwenda kukata nini.

Nakiri jibu hilo lilinikera, lakini sikumwambia asimamishe biashara. Tamaa nayo ina sauti yake.

Katika pilikapilika hizo zote, ya nyumbani sikuyaona. Yaani niliyaona, ila sikuyatilia maanani. Wiki iliyopita walikuja wanaume wawili na futi kamba wakapima fremu yetu, upana na kina. Shabani akasema wamepotea, wanatafuta ya jirani. Halafu yeye mwenyewe akaanza kupokelea simu nje, mkono mdomoni. Nikasema moyoni, kaka kapata mchumba. Kwa mtu anayeuza vifaa vya harusi na bado hajaoa, nilimfurahia.

Leo mchana Mzee Mrisho akaniita kwenye kahawa. Nikamwamkia, akaitikia, akaniagizia kashata, na nikajua kuna neno, maana si kawaida yake. Mteja alikuwa ameomba kupunguziwa, nikakataa, akaomba tena, nikakataa tena. Leo amekubali bei. Ila anaomba muda kidogo, kuna mali yake anaiachia kwanza.

"Na ana sharti lingine," akaendelea, "la kizee kidogo. Anataka mwenye jina aseme kwa mdomo wake, nimrekodi nimpelekee: 'Nimekuuzia, nawe ukauze.' Bila hayo maneno hatoi hata shilingi."

Nikairudisha kashata kwenye kisahani.

Hayo yalikuwa maneno ya baba. Baba alikuwa hachukui mzigo kwa muuzaji wa jumla mpaka ayasikie. Pesa anazo mkononi, mzigo uko mabegani kwa mchukuzi, na yeye amesimama anasubiri. Aliamini kitu ulichouziwa kwa kinyongo hakitoki dukani. Watu walikuwa wanamcheka, lakini walikuwa wanasema. Sijamsikia mtu mwingine Kariakoo nzima akiyadai, isipokuwa mmoja, na Jumamosi iliyopita tu alinitia aibu kwa kumng'ang'ania nayo muuza maua mwenye haraka zake.

"Mteja wako ni Shabani," nikasema.

Mzee Mrisho akapuliza kahawa iliyokwisha poa. "Mimi sijataja jina la mtu."

"Ulijua tangu mwanzo."

"Yeye anaamini mwenye mali yuko Ulaya. Sikumwambia mimi, kajiaminisha mwenyewe. Na wewe, mwanangu, ulimuuliza kila mtu isipokuwa mtu wa dukani kwako."

Nilirudi nikamkuta Shabani amekaa chini anafunga riboni kwenye vijisanduku vya pete, miwani ya baba puani. Nikaangalia kuta. Nikawakumbuka wale wenye futi kamba. Mali anayoiachia ni fremu hii hii. Ataichukulia kilemba, ampe mtu wa Ulaya, na mtu wa Ulaya ni mimi, ambaye nitakipeleka kilemba hicho hicho kwenye fremu nyingine mtaa wa pili.

Kaka yangu anauza duka la baba ili nipate pesa ya kumkimbia.

Niliingia nyuma ya marobota ya vitambaa nikalia. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, sijui hasira za nani. Nilipotoka akaniangalia juu ya miwani.

"Vipi, umelishwa pilipili?"

"Vumbi."

"Pole. Vumilia kidogo, mdogo wangu. Mambo hapa yatabadilika karibuni."

Yatabadilika vipi, hakusema. Nikachukua ufagio nikafagia palipokuwa pasafi.

Huruma ilikaa mpaka tulipofunga mlango. Nilipofika nyumbani shaka ikarudi. Picha za mzigo anayepiga ni mimi. Wateja wa simu anayewajibu ni mimi. Shabani mwenyewe akitaka kutuma ujumbe ananipa simu. Sasa mtu anayetaka kuhamisha duka lote liende mtandaoni ananifichaje mimi? Huenda anataka kunishtukiza kwa furaha, ni mtu wa hivyo. Au huenda kwenye duka hilo jipya, lisilo na kuta wala vumbi, hahitaji tena wa kumsaidia.

Mimi nilimficha kwa sababu nataka kuondoka. Yeye amenificha kwa sababu gani?

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakutuambia kwamba na wewe u nguoni mwa mwenzio.

Mzee Mrisho anasubiri sauti yangu kesho kabla ya adhuhuri. Hataipata. Tutamruka, atuwie radhi, ile kashata nitamlipa. Kesho asubuhi, kabla hatujafungua, nitamwambia Shabani mtu wa Ulaya ndiye huyu aliyesimama mbele yake na kanga ya kufagilia. Awapigie wale watu wa futi kamba, awaambie fremu haiachwi. Mimi nitaleta jina, yeye alete mkataba wa duka, na vyote viwili viandikwe upya, Shabani na mimi.

Akikubali nitayasema maneno ya baba, kwa sauti, na kwa moyo mweupe.

Akikataa, nitakuwa nimejua alichokuwa ananificha.