Kwale wa Kila Jumamosi

4 Machi

Kitinda mimba wangu,

Hujambo? Wajukuu wangu hawajambo? Mimi mzima, ila bega la kulia linauma. Usishtuke, si ugonjwa.

Nilipeleka bunduki ya marehemu baba yako polisi, kama ulivyoniagiza. Afisa akasema mjane anaweza kuirithi, akifaulu jaribio la shabaha na mwanawe akiridhia kwa saini. Nikasema potelea mbali, ngoja nijaribu. Fundi Saa, aliyekuwa akiwinda na baba yako, akanifundisha kuishika. Vikarushwa visahani kumi vya udongo hewani. Nikavunja saba! Nilipiga vigelegele mpaka afisa akaangusha kalamu. Tangu tumzike baba yako sijafurahi hivyo.

Bunduki iko stoo ya polisi, inasubiri saini yako tu. Fomu hii hapa.

Mama yako

19 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, wajukuu wanakusalimu.

Mama, jamani! Miaka sitini na mitatu, bunduki ya mitutu miwili ya nini? Mkunga mstaafu, umezalisha nusu ya mtaa, leo ukimbizane na ndege? Fomu sisaini. Na huyo Fundi Saa usimsikilize, ana maneno mengi.

Nisamehe, lakini kwa hili hapana.

Mwanao

16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hamjambo huko? Nilikununia wiki tatu, nimechoka.

Jumamosi Fundi Saa alinipeleka porini, akaniachia bunduki yake. Nyasi kiunoni, umande mpaka kwenye soksi. Kwale akaruka prrr! miguuni pangu, na moyo wangu ukaruka naye. Mtutu wa kwanza, patupu. Wa pili, chali! Ewe mwanangu, nilicheza pale pale na mabuti yangu.

Nikampika. Nikang'ata chembe ya risasi, jino nusura linitoke. Sasa nijibu swali dogo. Miaka arobaini baba yako aliniletea kwale kila Jumamosi. Mbona sikuwahi kung'ata hata chembe moja?

Mama yako

24 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini jino halijambo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Basi, yaishe. Baba hakuwahi kumpata hata kwale mmoja. Alikuwa akilenga, anafumba macho yote mawili, anapiga mti. Tukirudi tunanunua kwale kwa mtega mitego pale darajani. Aliniapisha nikiwa na miaka tisa.

Niliogopa ukienda porini na Fundi Saa utajua, halafu umcheke Baba naye yuko kaburini, hawezi kujitetea. Ndiyo maana nilikataa kusaini. Nisamehe, Mama.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, jino lipo. Pole kwa kubeba mzigo huo miaka yote.

Ndege aliyetegwa ana alama ya kamba mguuni. Mimi nimefunga vitovu vya watoto kwa uzi maisha yangu yote, nisiijue alama ya kamba? Nilijua tangu Jumamosi ya kwanza, bibi harusi mbichi. Nilinyamaza kwa sababu alirudi akiimba, akanisimulia jinsi alivyolenga, na nilimpenda sana akisimulia. Baadaye naingia jikoni, nafunga mlango, nacheka mpaka machozi.

Nimecheka peke yangu miaka arobaini, mwanangu. Nataka mwenzangu. Saini fomu, uilete mwenyewe Jumamosi.

Mama yako