Mama Aliniuliza Mbele ya Kioo cha Samaki

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na jina langu unaweza kuliandika, mtaa wetu wa Mangobo iko na Hemedi wengi. Jumapili iliyopita nilipeleka mama, bibi yangu Nyota na watoto wetu kwenye ile nyumba ya samaki upande wa Tshopo, tukamuchukua pia Kadidja, muke wa kaka yangu Waziri, na watoto wakafurahi kuona mbenga, yule samaki wa meno marefu wa mto wetu, nyuma ya kioo, jina refu la Kizungu limebandikwa chini yake kana kwamba amepata kazi serikalini, wakasema huyu haendi tena kwenye chungu, lakini mimi, yule samaki alipokuja polepole mpaka usoni pangu, nilirudi nyuma nikakaa chini, na mama akaja akasimama karibu, hakupaza sauti, akaniuliza: «Hemedi, samaki ulianza kukataa mwaka gani?»

Mshauri, nilianza mwaka wa sitini na nne, wakati wa vita, siku nilipojificha nyuma ya magunia pale bandarini nikaona askari, wa upande gani sisemi, gazeti linasomwa na wote, wanamufunga Waziri mikono na kumusukuma mtoni, na kabla ya hapo aliniona, macho yetu yakakutana, akageuza uso haraka asije akanionyesha, na mimi sikutoka, halafu nyumbani mama alipouliza nikasema amevuka, yuko ng'ambo, na sasa ni miaka mitatu mama anamuwekea sahani yake, Kadidja anakataa kila anayemuposa, matanga hatujafanya. Mbele ya kioo nilijibu: «Ni tumbo, mama.» Tangu siku hiyo sahani ya Waziri haiwekwi tena, na hakuna anayesema kitu. Niseme, ama ninyamaze, kwa kuwa labda amekwisha kuelewa?

Hemedi, Mangobo

Papa Évariste anajibu:

Hemedi, pole. Bon, pole nimekupa, sasa kaa vizuri.

Mama yako ameelewa. Lakini kuelewa si kuambiwa, na hawezi kukaa matanga kwa sababu ya tumbo lako. Na Kadidja? Katika barua yako anapita kama mgeni, kumbe wewe ndiye umemfunga: si mke, si mjane. Shehe hawezi kuhesabu eda yake kwa kubahatisha, anahitaji mtu aliyeona. Unasema moyoni kwamba unamlinda mama. Hapana, ndugu yangu, unajilinda wewe, usiulizwe kwa nini hukutoka. Nakujibu mimi: mngeingia mtoni wawili, na nyumba yenu ingekosa hata shahidi mmoja.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla mama hajawasha makaa, keti naye mkekani, Kadidja awepo. Taja siku, taja mahali, usipunguze. Kisha nenda kwa shehe ukashuhudie, Ijumaa mumswalie. Watakapolia, usitafute kazi ya kufanya nje. Kaa hapo.

Na lile la Waziri kukuona akageuza uso, naona utataka kulificha kama aibu yako. Si lako, Hemedi. Ni jambo la mwisho ambalo mtoto wa mama yako alilifanya akiwa hai: alimkinga mdogo wake. Mpe mama kilicho chake.