Nyavu za Mkwe Wangu

Kemunto mjukuu wangu,

Umekaa huko Gesima kana kwamba shamba la chai litakukimbia! Tangu shangazi yako Moraa aolewe huku ziwani hujamtembelea hata mara moja. Yeye ndiye ananiandikia haya.

Leo serikali ilituita ufuoni tutoe maoni kuhusu uvuvi, wavuvi pamoja na sisi wauza samaki wa soko la Ikonge tunaokuja kununua huku. Mimi nikasimama: "Nyavu za matundu madogo zinamaliza watoto wa samaki. Zichomwe zote!" Watu wakapiga makofi. Mvuvi mmoja akacheka, "Mama, basi tuanze na za mkweo."

Kumbe mkwe wangu, mume wa Moraa, alikuwa nyuma yangu. Unajua kwetu mkwe hajibizani na mama mkwe, ni aibu. Aliinamisha kichwa, akasukuma mashua, akaenda kuzitoa nyavu zake majini mwenyewe. Sasa upepo umechafua ziwa na hajarudi. Moraa anaandika tu, hanilaumu, na hiyo ndiyo inaniogopesha zaidi.

Mungu akufunike, mtoto wangu mtamu. Ukija, usinisalimie mimi kwanza. Ingia jikoni kwa shangazi yako umshike mkono.

Nyanya yako